Uwezo wa Kukataa: Mali, Mamlaka na Haki ya Raia katika Njia ya Tabora

Katika mijadala yetu ya kila siku, mambo matatu huzungumzwa na watu watatu tofauti. Wanasheria hushika haki za raia: kukamatwa, dhamana, mikutano, magazeti. Wachumi hushika umaskini na pengo la kipato. Wakaguzi na TAKUKURU hushika matumizi mabaya ya madaraka. Kila kundi lina ripoti zake na warsha zake. Lakini mkulima wa Sikonge au Kaliua anayempakia mtoto mgonjwa na kumleta hospitali ya rufaa ya Kitete, mjini Tabora, hayaishi mambo hayo kwa mafungu. Fedha ya matibabu anaitegemea kwenye chama cha msingi ambacho hakijamlipa tumbaku yake. Akiuliza sana kwa nini hajalipwa, ataambiwa analeta uchochezi. Akitaka kupeleka malalamiko juu, atamkuta huko juu mtu yuleyule aliyekuwa mgeni rasmi wa chama wiki iliyopita. Kwake mambo hayo yote ni shida moja, na imemfika siku moja.

Makala haya yanalichukua suala hilo kwa upande wake, kama jambo moja lenye kipimo kimoja: je, mtu huyu anaweza kukataa bila kuangamia? Anaweza kukataa bei asiyoridhika nayo, kuhamishwa asikotaka, mgombea asiyemwamini, au amri ya kunyamaza? Tofauti kubwa ya mali hupunguza uwezo huo. Matumizi mabaya ya madaraka huuadhibu. Haki za raia zipo ili kuulinda. Ukiyatenganisha matatu hayo, utatibu moja na kuyaacha mawili yaendelee kuua.

Unyanyembe, eneo la Tabora, inafaa kwa uchambuzi huu kwa sababu historia yake yote imekaa njiani. Kwa karibu miaka mia mbili mali imepita hapa ikielekea kwingine: pembe za ndovu na watumwa, kisha reli ya Wajerumani, kisha tumbaku, na sasa bomba la mafuta na reli ya kisasa. Kila zama ilileta mkubwa wake, na kila mkubwa alilazimika kuamua namna ya kuwatendea watu aliowakuta njiani.

Mpagazi na mtemi

Tuanze na mtu ambaye vitabu vya shule humtaja kama mgongo wa kubebea mizigo tu. Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 alibeba takriban frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, kati ya Bagamoyo na Tabora, safari ya miezi miwili au mitatu. Wengi wao walikuwa watu huru waliofanya kazi kwa ujira. Mwanahistoria Stephen Rockel ameonyesha jinsi walivyopatana juu ya malipo na posho, walivyogoma wakipunjwa, na walivyoutua mzigo na kuondoka pale mkataba ulipovunjwa. Wasafiri wa Kizungu waliandika kwa hasira juu ya "utoro" huo. Kwa mpagazi, hiyo ndiyo iliyokuwa silaha yake. Alikuwa na shamba nyumbani Unyamwezi na misafara mingine ilikuwa ikimhitaji, kwa hiyo aliweza kusema hapana.

Kumbuka kwamba katika njia ileile, pembeni yake, alitembea mtumwa aliyefungwa shingoni. Watu wawili wa njia moja, wenye jua moja na kiu moja, walitenganishwa na jambo hilo: mmoja aliweza kukataa, mwingine hakuweza.

Kwa upande wa utawala, Unyanyembe ilitoa somo mapema. Mtemi Mnywasele alipoingia madarakani baada ya kifo cha Mtemi Fundikira mwaka 1858, alitoza kodi bidhaa za wafanyabiashara wa Kiarabu waliokuwa wamejijenga Kazeh, yaani Tabora. Wafanyabiashara hao walimpindua na kumweka Mkasiwa. Mnywasele alipigana nao kwa miaka mpaka akauawa. Tunaweza kubishana juu ya sifa zake kama mtawala, lakini jambo lenyewe ni wazi: wenye mali walipoona kodi ya mtawala haiwafai, walibadilisha mtawala. Miaka 30 baadaye Mtemi Isike alikataa kuwapigia magoti Wajerumani. Walipoivunja ngome yake Januari 1893, alijilipua katika ghala lake la baruti.

Kisha ukaja utawala uliojua kwamba njia ya kumtiisha mtu ni kumwondolea nafasi ya kukataa. Kodi ya kibanda ya mwaka 1898 ilimlazimu kila mwenye nyumba kutafuta fedha au kulipa kwa jasho. Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na kumaliza soko la wapagazi. Vita Kuu ikarudisha upagazi kwa amri na mtutu, na makumi ya maelfu ya wabebaji wa Afrika Mashariki walikufa kwa njaa na maradhi. Baadaye vijana wa Unyamwezi walipanda treni kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Kazi ya mgongo ilikuwa ileile, lakini uwezo wa kuutua mzigo na kwenda zako ulikuwa umekwisha.

Kura yenye bei, na kimya cha mwaka 1964

Januari 1958 TANU ilifanya mkutano wake mkuu Tabora, na mjadala wake ulikuwa mgumu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imetangaza uchaguzi wa kura tatu: kila mpiga kura amchague Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, na ili uandikishwe ulihitaji kigezo cha elimu, cheo au kipato cha pauni 150 kwa mwaka. Wengi waliona ni tusi, na walikuwa na haki kuliona hivyo. Mwalimu Nyerere, aliyesoma na kufundisha mjini humo, aliwashawishi wajumbe kushiriki ili kuushinda mfumo huo kwa ndani. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake cha Congress. Mambo mawili yanastahili kukumbukwa hapo: ukoloni ulikuwa umeiwekea kura bei, na ndani ya chama kilichokuwa kinadai uhuru mtu aliweza kupinga hadharani na kuondoka salama.

Uhuru wenyewe haukuikuza tabia hiyo kwa muda mrefu. Mwaka 1962 Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini, iliyompa Rais uwezo wa kumfunga mtu bila kumpeleka mahakamani. Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi Colito, Dar es Salaam, na kesho yake wenzao wa kikosi cha Tabora wakafuata. Madai yao yalikuwa mishahara na nafasi za maofisa. Maasi yalizimwa kwa msaada wa majeshi ya Uingereza. Lakini operesheni iliyofuata ilivuka kambi za jeshi: viongozi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa kwa wingi, shirikisho lao la TFL likafutwa, na mahali pake ikawekwa NUTA chini ya mkono wa serikali. Christopher Kasanga Tumbo, aliyeongoza wafanyakazi wa reli na baadaye kuanzisha chama cha upinzani, aliwekwa kizuizini. Kwa mji wa Tabora, ulioishi kwa reli, pigo hilo lilifika mpaka jikoni. Mfanyakazi aliyenyang'anywa chama huru alinyang'anywa pia njia yake ya kudai mshahara.

Yapo ya kukumbuka pia juu ya Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe aliyekuwa waziri katika serikali ya kwanza. Aliachana na serikali mwaka 1963, na alipofikishwa mahakamani kwa shtaka la rushwa aliachiwa huru. Miaka karibu 30 baadaye alisimama mstari wa mbele kudai vyama vingi na kuanzisha chama cha UMD. Mtu aliyetoka ukoo wa utawala alizeeka akidai haki ya watu kuwa na chaguo la pili.

Usawa bila sauti

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilijibu swali la kweli. Lilizuia viongozi kuwa na mishahara miwili, nyumba za kupangisha na hisa katika makampuni. Katika miaka iliyofuata watoto wengi waliingia shule, watu wazima wakajifunza kusoma, zahanati zikafika vijijini. Yeyote anayeandika juu ya tofauti ya mali Tanzania na kulidharau Azimio hilo hawatendei haki waliofaidika nalo.

Lakini usawa huo ulijengwa huku vyombo vya kukataa vikivunjwa kimoja baada ya kingine. Mwaka 1972 serikali za mitaa zilifutwa. Novemba 1973 kuishi vijijini kukawa amri, na kufikia 1977 takwimu rasmi zilihesabu watu zaidi ya milioni 13 katika vijiji vilivyopangwa. Wengi walisombwa kwa malori na nyumba zao kubomolewa. Mwaka 1976 vyama vikuu vya ushirika vikafutwa na mazao yakakabidhiwa mamlaka za serikali, tumbaku ikiwemo. Mkulima wa Urambo akabaki na mnunuzi mmoja, bei moja na malipo yaliyokuja yalipotaka kuja. Hakuwa na diwani wa kumtuma wala ushirika wa kumsemea. Uzalishaji ulishuka na magendo yakaongezeka, na pengo kati ya aliye karibu na ghala la serikali na aliye mbali nalo likarudi kwa mlango wa nyuma. Nyerere mwenyewe, akielekea kung'atuka, alikiri mwaka 1984 kwamba kufuta serikali za mitaa na vyama vya ushirika yalikuwa makosa.

Zama hizohizo zilitoa pia mfano wa uwajibikaji ambao haujarudiwa mara nyingi. Katika mikoa ya Shinyanga na Mwanza, msako dhidi ya mauaji ya watuhumiwa wa uchawi uligeuka mateso, na watu walikufa mikononi mwa vyombo vya dola. Ilipojulikana, mapema mwaka 1977 viongozi walijiuzulu, akiwemo Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi. Yeye mwenyewe hakumpiga mtu yeyote. Alikubali kwamba cheo hubeba dhamana ya yaliyotendwa chini yake. Aliyejiuzulu kwa heshima ile baadaye alichaguliwa kuwa Rais, na jambo hilo lingetosha kuwafundisha viongozi kwamba kuwajibika hakummalizi mtu.

Tumbaku: bei inayosomwa na wengine

Tuje sasa kwa zao ambalo bado linabeba uchumi wa mkoa. Tabora, yenye watu takriban milioni 3.4 kwa sensa ya 2022, imekuwa kwa miongo mingi kitovu cha tumbaku ya mvuke nchini. Utaratibu wake ni huu. Mkulima hupewa makisio ya kilo atakazozalisha. Pembejeo huja kwa mkopo wa benki kupitia chama cha msingi, na wanachama hudhaminiana. Hulima, huchuma, hukata kuni za kukaushia katika mabani, hupanga majani na kufunga marobota. Siku ya soko mteuzi hutaja daraja, na madaraja ni mengi mno. Bei ya kila daraja imekwisha kupangwa kwa dola katika mazungumzo yaliyofanyika mbali na kijiji. Kisha huanza makato: mkopo, riba, ushuru, michango ya chama. Kinachobaki ndicho chake, kikifika.

Angalia ni hatua ngapi hapo anaweza kukataa. Jani hawezi kulila, wala hawezi kulipeleka soko jingine, maana wanunuzi ni makampuni machache na amesajiliwa kwa mmoja wao. Akibishia daraja, robota hurudi nyumbani likipoteza uzito na rangi. Jirani akishindwa kulipa au karani akitoroka na fedha, dhamana ya pamoja hulikata deni hilo katika malipo yake. Kampuni ya TLTC ilipofunga shughuli zake nchini mwishoni mwa miaka ya 2010, wakulima waliokuwa wakiiuzia ilibidi watafutiwe mnunuzi na serikali, na makisio yakatetereka. Uamuzi uliofanyika ng'ambo uliamua nani alipe ada ya shule Ulyankulu.

Chombo kilichokusudiwa kusawazisha nguvu hizo ni ushirika. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 iliunda Tume ya Maendeleo ya Ushirika yenye mamlaka ya kusimamia, kukagua na kuondoa bodi. Usimamizi unahitajika, kwani wezi wa ushirika wapo na wameumiza watu. Tatizo ni kwamba mkulima hukumbwa na mamlaka mbili, ya viongozi wa chama na ya maofisa wanaowasimamia, na hana njia ya haraka ya kuishtaki hata moja. Bodi ikivunjwa kwa tamko la kiongozi, gazeti huandika habari njema, lakini fedha iliyoliwa hairudi na mwanachama hajaulizwa. Mkutano mkuu wa wanachama, unaopaswa kuwa bunge la mkulima, hugeuka mahali pa kusomewa maamuzi. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi, na katika mkutano kama huo mwenye deni kubwa ndiye anayekaa kimya zaidi.

Ulyankulu yenyewe inaongeza jambo jingine. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1972 kwa wakimbizi wa Burundi. Kwa miongo mitatu na zaidi walilima tumbaku na mahindi, wakilipa ushuru, lakini hawakuruhusiwa kutoka nje ya makazi bila kibali. Serikali ilipokubali kuwapa uraia zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo na ya Katumba na Mishamo, Tanzania ilifanya tendo kubwa la utu ambalo nchi chache duniani zimelifanya. Hata hivyo vyeti vilizuiwa kwa miaka, kwa sharti kwamba wakubali kwanza kuhamishiwa mikoa mingine. Sharti hilo liliachwa na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Watu hawa walikataa kuhama huku wakiutaka uraia, na mwishowe walipata vyote viwili. Ni ushahidi kwamba dola inayosikiliza haidhoofiki.

Igunga na Urambo: fedha, Bunge na Katiba

Siasa za mkoa huu zimeonyesha pia jinsi mali inavyoingia kwenye uwakilishi. Igunga iliwakilishwa tangu miaka ya mwanzo ya 1990 na Rostam Aziz, mmoja wa matajiri wakubwa nchini, mpaka alipojiuzulu mwaka 2011. Uchaguzi mdogo uliofuata ulivuta vyama vyote vikubwa na fedha nyingi. Dalaly Kafumu wa CCM alitangazwa mshindi, lakini Agosti 2012 Mahakama Kuu Tabora ikatengua matokeo. Miongoni mwa hoja zilizopelekwa mbele yake ni ahadi ya daraja la Mbutu iliyotolewa na Waziri wa Ujenzi wakati wa kampeni. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ilimrudishia Kafumu kiti chake. Msomaji anaweza kukubaliana na mahakama ya kwanza au ya pili. La msingi ni kwamba mwananchi wa Igunga alipata mlango wa kubisha juu ya ubunge. Kwa urais hana mlango huo: Ibara ya 41(7) ya Katiba inakataza mahakama kuchunguza matokeo yaliyotangazwa. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ilisema kifungu hicho kinakiuka Mkataba wa Afrika. Wakati huo Tanzania ilikuwa imekwisha kutangaza kuondoa ruhusa ya watu binafsi kufungua kesi katika mahakama hiyo.

Urambo nayo ilimtoa Samuel Sitta. Akiwa Spika, alisimamia Bunge lililochunguza mkataba wa umeme wa Richmond, na Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu. Miaka sita baadaye Sitta aliongoza Bunge Maalum la Katiba. Tume ya Jaji Joseph Warioba ilikuwa imezunguka nchi nzima na kuleta rasimu yenye miiko ya uongozi na mipaka ya madaraka. Wajumbe wa UKAWA, umoja wa upinzani, walitoka Aprili 2014, waliobaki wakabadilisha mambo ya msingi, na Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba bila maridhiano. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 iliahirishwa na haijafanyika. Maisha ya kiongozi mmoja wa Tabora yana mafundisho mawili: Bunge lenye ujasiri linaweza kumwajibisha mkubwa, na Katiba iliyoandikwa na upande mmoja haifiki kwa wananchi.

Bomba katika njia ya zamani

Njia imerudi kuwa na thamani. Reli ya kisasa inajengwa kupitia Tabora kuelekea Isaka na Kigoma. Bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga, linapita Nzega na Igunga, na kiwanda cha kupaka mabomba kemikali ya kuhifadhi joto kimejengwa Sojo, Nzega. Hisa zake ziko hivi: TotalEnergies asilimia 62, mashirika ya taifa ya Uganda na Tanzania asilimia 15 kila moja, na CNOOC ya China asilimia 8.

Miradi hii ina faida, na kijana wa Nzega aliyepata kazi Sojo ana sababu ya kuifurahia. Swali ni la yule aliyepisha. Uthamini wa ardhi ulianza mwaka 2018, na wengi walilipwa 2021 au baadaye. Katikati hapo walizuiwa kupanda mazao ya kudumu na kuendeleza nyumba katika eneo lililothaminiwa. Sheria zetu zinasema ardhi ni mali ya umma chini ya dhamana ya Rais, na zinaahidi fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Sehemu ya kwanza hutekelezwa siku ileile, lakini ya pili huchelewa. Mwenye shamba ambaye hawezi kukataa mradi, hawezi kukataa kiwango na hawezi kukataa kusubiri, amebakiwa na sauti tu, na sauti hiyo inahitaji mkutano, gazeti na mwanasheria. Kampala, mwaka 2022, wanafunzi walioandamana juu ya bomba hilohilo walikamatwa. Sauti ikifungwa, fidia nayo hupoteza mtetezi.

Oktoba 2025 na mlango uliofungwa

Kwa miaka kumi sheria zimekuwa zikipunguza nafasi ya raia kutoa sauti hiyo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ilikuja 2015, ya Huduma za Vyombo vya Habari 2016. Mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023. Makosa yasiyo na dhamana yalitumika kumweka mtu rumande kwa miezi, kama alivyokaa mwandishi Erick Kabendera tangu Julai 2019 hadi Februari 2020 kwa mashtaka yaliyojumuisha utakatishaji fedha. Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilisema kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Mwaka huohuo sheria ya kutekeleza haki za msingi ilibadilishwa ili anayefungua kesi aonyeshe kwanza kwamba yeye binafsi ameumizwa. Kwa maskini mabadiliko hayo ni makali, maana zamani mwanasheria wa mjini aliweza kumfungulia njia.

Kisha ukaja uchaguzi wa 29 Oktoba 2025. Tundu Lissu, mwenyekiti wa CHADEMA, alikuwa rumande tangu Aprili kwa shtaka la uhaini. Chama chake kilizuiwa kushiriki, na Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo aliondolewa katika kinyang'anyiro cha urais. Tume ya uchaguzi ilitangaza ushindi wa Rais Samia Suluhu Hassan kwa asilimia 97.66. Vijana waliingia barabarani katika miji kadhaa, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekwa chini ya amri ya kutotoka nje usiku, na watu waliuawa. Ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilizungumzia mamia. Novemba Rais aliunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Ni jaji huyohuyo aliyeongoza Tume ya Haki Jinai mwaka 2023, kwa hiyo maradhi ya mfumo yalikuwa yamekwisha kuandikwa kabla ya damu kumwagika.

Kulichambua jambo hili kwa jicho la siasa za vyama peke yake ni kulipunguza. Waliotoka walikuwa kwa sehemu kubwa vijana wa boda, wa vibanda, wahitimu wasio na ajira. Wamekulia katika nchi inayojenga reli na madaraja, huku takwimu za 2017/18 zikionyesha asilimia 26.4 ya watu chini ya mstari wa umaskini. Mlango wa kura waliuona umefungwa, wa mahakama haupo kwa urais, wa mkutano unahitaji ruhusa. Anayefungiwa milango yote hawezi kulaumiwa peke yake akipita dirishani.

Hoja ya amani na hoja ya maendeleo

Wapo wanaosema kwa nia njema kwamba amani itangulie, na wengine kwamba tushibe kwanza. Wanastahili kujibiwa. Amani ambayo Watanzania wanaijivunia ilitokana na watu kuamini kwamba mambo yao yatasikilizwa. Ikitegemea woga, hudumu mpaka siku woga unapopungua. Na kuhusu shibe, miaka ya 1972 hadi 1984 ilitupa jibu kwa gharama kubwa: mkulima asiyekuwa na sauti hakushiba.

Jibu la wanaotanguliza Katiba na haki peke yake nalo si kamili. Kenya ina Katiba ya 2010, na Septemba 2017 mahakama yake ya juu ilifuta uchaguzi wa rais. Juni 2024 vijana wake walizuia muswada wa fedha. Hata hivyo waandamanaji waliuawa na wengine wakatekwa, na pengo kati ya tajiri wa Nairobi na kibarua wa Turkana lipo palepale. Katiba nzuri huufungua mlango, lakini mwenye njaa hucheleweshwa njiani kuufikia. Ndiyo maana mali na haki lazima zidaiwe pamoja.

Kinachodaiwa kinajulikana. Mchakato wa Katiba uanzie kwenye rasimu ya Tume ya Warioba, na matokeo ya urais yafunguliwe kwa mahakama. Dhamana iwe mikononi mwa hakimu, isifungwe na orodha ya makosa. Sheria ya haki za msingi irudishiwe kifungu kinachomruhusu mtu kumsemea mwenzake. Wanachama wa ushirika wachague na kuondoa viongozi wao wenyewe, ukaguzi wa chama ubandikwe ukutani kijijini, na wakulima wawe na mteuzi wanayemlipa wao pembeni ya yule wa Bodi ya Tumbaku. Fidia ya ardhi ilipwe kabla ya mwenye shamba kuzuiwa kupanda. Familia za waliouawa Oktoba zipewe miili, majina na majibu, na waliotoa amri wawajibike kama walivyowajibika wakubwa wa mwaka 1977.

Kwako msomaji, ombi ni hili. Mkutano ujao wa chama cha msingi au wa kijiji ukiitishwa, nenda, uliza mapato na matumizi, na akisimama mwenzako kuhoji usimwache asimame peke yake. Mtu mmoja anayekataa hukamatwa. Kijiji kizima kinapokataa kwa utulivu na kwa sheria, hata mkubwa hulazimika kukaa chini na kusikiliza.